Nesi wa Paa Jekundu

Wapendwa wasomaji, kabla hamjaanza naomba mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazozikosea. Nimesoma mpaka darasa la saba, Kigoma, na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko karatasi ya kwenda nayo dukani. Naandika polepole sana. Lakini kusema mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa, na kila tunapokutana Waswahili wa Birmingham, iwe harusi au msiba, Nesi hutajwa na watu hugawanyika. Wengine wanasema alikiacha kiwanja chetu kikakaribia kufa, akafuata sifa nje. Wengine wanasema alifunguliwa mlango wa dunia akaufunga kwa mkono wake. Mimi nilikuwa naye pale pale kiwanjani, naendesha gari langu, na nadhani pande zote mbili hazikumwona vizuri.

Jina lake sitaliandika. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa nesi wa wodi ya wazee, mwanamke Mkenya wa upande wa Machakos, anakaa mtaa wa Kingstanding, nyumba ya pili kutoka kwa shangazi yangu. Jumapili alikuwa dereva wa magari ya kugongana.

Kwa ambaye hajayaona: ni magari madogo yaliyozeeka, yametolewa vioo na viti, yamefungwa vyuma ndani ili dereva asiumie, na mbele yana bampa nene ya chuma. Yanazunguka kiwanja kidogo chenye umbo la yai. Ukimfikia mwenzako kwenye kona unaruhusiwa kumsukuma kwa bampa atoke njiani. Kiwanja chetu kiko nje kidogo ya mji, mabasi mawili kutoka Kingstanding. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza anayekata tiketi mlangoni kwa mkono wake, halafu anakimbia kwenda kushika bendera.

Kuna jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtamwelewa Nesi. Pale kiwanjani rangi ya paa la gari inaonyesha uwezo wa dereva. Mwanagenzi ana paa jeupe. Akiendelea kushinda anapaka la njano, kisha la buluu, na walio bora kabisa wana paa jekundu. Na mbio zikianza, weupe ndio wanaowekwa mbele na wekundu nyuma kabisa. Aliye bora anaanza wa mwisho, inabidi awapite wote. Nesi alikuwa na paa jekundu miaka yote niliyomjua, na alikuwa akisema, "Aliye nyuma ndiye anayeona mbio. Wa mbele anaona lami tu."

Barabarani, katika gari lake la kawaida, alikuwa mwoga kuliko bibi harusi. Niliwahi kupanda naye kutoka Stechford kurudi nyumbani. Karibu na stesheni njiwa walikuwa barabarani wanakula mkate, na Nesi akasimama kuwangoja wamalize. Basi nyuma yetu likapiga honi. Akafungua kioo akatoa mkono, akalionyesha basi wale njiwa, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji. Nikamwuliza kwa nini huku anaogopa na kule haogopi.

"Huku hatujakubaliana kugongana," alisema. "Kule kila mtu amekubali."

Kabla ya mbio alisali, ameshika usukani, macho wazi. Sala ilikuwa fupi na aliitoa kwa sauti: "Bwana, walinde hawa ninaoenda kuwagonga." Mzungu mmoja aliomba atafsiriwe, na tangu siku hiyo akawa anaitikia amina.

Na kweli aliwagonga. Halafu mbio zikiisha, alivua helmeti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama wanavyofanya hospitali, akaenda kuwatazama. "Unaumwa wapi? Geuza shingo. Geuza ile upande ingine. Leo ni siku gani?"

"Leo siku ya kunionea," alijibu Kinyozi.

Huyu Kinyozi ni Mzanzibari mwenye duka la kunyoa Stechford. Paa lake lilikuwa la buluu, na kwa miaka yote Nesi alimsukuma katika kona ile ile, ya pili, iliyo karibu na kibanda cha chai. Walikuwa wakitaniana mpaka watu wanaacha kutengeneza magari yao kuwasikiliza.

"Nesi bwana, huko wodini nako unawatoa wazee vitandani kwa bampa?"

"Wazee wangu wanasikia wakiambiwa wapishe njia. Wewe husikii."

"Nasikia, lakini mimi ni mwenyeji wa kona hii. Mgeni hubisha hodi."

"Si nilibisha? Ukalala uwanjani."

Kuna desturi nyingine pale, na Nesi aliishika kuliko wote. Ukimgonga mtu gari lake likapinda, unaenda kwake na nyundo yako, mnanyoosha pamoja. Usipoenda, watu wanaacha kukusalimia. Nyundo ya Nesi ilikuwa na mpini uliofungwa bandeji nyeupe ya hospitali, kwa sababu mpini ulipasuka na yeye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Bandeji ikichafuka aliibadilisha. Kinyozi alisema ile ndiyo nyundo pekee Uingereza inayopata huduma bila kupanga foleni.

Mimi alinileta yeye. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli, narudi nyumbani, nakaa. Shangazi alilalamika kwake kwamba sizungumzi na mtu. Nesi hakuniambia nizungumze. Alisema tu, "Wewe Kigoma, kwenye gari hakuna mtu atakuuliza kitu." Ikawa hivyo. Tukapata gari bovu kutoka nyuma ya nyumba ya mtu Hodge Hill, tukalitengeneza mimi na yeye na shangazi, na paa nikalipaka jeupe mwenyewe. Mara ya kwanza alinisukuma nikazunguka mara mbili nikasimama naangalia nilikotoka. Alikuja na nyundo. Nilikuwa nalia na sikutaka aone.

"Nimekugonga kwa sababu uko njiani," alisema. "Ungekuwa si kitu ningekuzunguka. Siku ukinifikia, nawe unigonge. Ukinipisha kwa heshima nitajua umenitukana."

Msidhani alikuwa na msimamo katika kila kitu. Alihubiri kulala mapema na yeye halali. Aliwakataza wagonjwa sukari, na chai yake ilisimamisha kijiko. Alisema simu ni ugonjwa, lakini mbio zikiisha, hata kabla ya kunywa maji, aliingia garini na simu kumpigia mama yake Machakos. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mama yake alikuwa anapoteza macho, taratibu. Nesi alimtumia video kila Jumapili, na mama alichoweza kukiona ni rangi. Magari yote kwake yalikuwa vumbi linalozunguka, isipokuwa kitu kimoja chekundu kinachotoka nyuma na kwenda mbele. Nesi aliweka simu kwenye sauti kubwa, nasi tulisikia.

"Ni wewe yule mwekundu?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona wamekuweka nyuma tena? Hao watu hawakupendi?"

"Wananiogopa, mama."

"Waambie wakuweke mbele."

Kila wiki maneno ni hayo. Mama alikuwa na ombi moja tu, amwone mwanawe akishindana, kwa macho yake, kabla hayajazimika. Kupanda ndege kuja huku daktari alikataa. Kwa hiyo ilipokuja kampuni ya kuandaa mbio, ilimkuta Nesi akiwa na jeraha hilo.

Aliyekuja kwa niaba ya kampuni hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu wengine wanamchora kama shetani. Alikuwa ameanzia kiwanja hiki hiki, na paa jeupe kama langu, na alifika na viatu vya matope akijua pa kukanyaga. Alisema mchezo huu ni mzuri mno kukaa umefichwa nyuma ya mashamba. Kampuni itachukua madereva bora wa viwanja vidogo, itawapeleka nchi baada ya nchi msimu mzima, na mbio za mwisho zitakuwa Kenya. Walimtaka Nesi awe mbele ya msafara. Fedha zikipatikana nje, alisema, kidogo kitarudi hapa kiwanjani.

Mwenye uwanja alisikiliza akiwa na kibuyu chake cha chai ya moto mkononi, maana yake chupa ile ya kuhifadhi joto. Akasema maneno ambayo Nesi alinitafsiria baadaye. Kila mwaka wajenzi wa nyumba wanamwomba ardhi. Magari yakijaza mistari pale kwenye kuanza, hauzi. Yakipungua, basi, yeye ni mzee na magoti yanamwuma.

Yule wa kampuni alipoondoka, Nesi na Kinyozi walibaki kwenye kibanda cha chai, na mimi nilikuwa nafunga tairi langu karibu.

"Usiende," alisema Kinyozi. Hakuwa anatania, na sauti yake bila utani sikuwa nimewahi kuisikia. "Mkienda nyinyi wekundu, nani atatufukuza? Mimi najua kukimbia kwa sababu wewe uko nyuma yangu."

"Watapatikana wengine."

"Watapatikana wapi? Paa jekundu haliuzwi dukani, linapatikana kwa kumpita mtu. Watampita nani? Huyu mtoto?" Akanionyesha mimi. "Huyu anataka mtu wa kumfukuza ndiyo akue. Na mzee atauza. Unamjua."

Nesi alikoroga chai muda mrefu.

"Na mama yangu?" alisema. "Si uniambie. Macho yake hayaningoji. Nikibaki, kiwanja kitabaki, sawa. Nitakuwa nimemwonyesha nini? Simu?"

Kinyozi akachukua kikombe cha Nesi akakiosha pamoja na chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nesi alienda. Gari lake liliingizwa kwenye kontena na paa lake jekundu, na wekundu wengine wote wakamfuata. Wanaosema alitukimbia wanaanzia hapa, na wanasema kweli kwamba tuliumia. Jumapili zilizofuata mistari ya kuanzia ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto. Watu wakaja wachache, kibanda cha chai kikafungwa mapema. Mwenye uwanja alianza kuzungumza na watu waliovaa kofia za ujenzi, wakitembea naye kwenye nyasi.

Katika Jumapili hizo ndipo niliposhinda mara ya kwanza. Nilianza mbele kama ilivyo kawaida ya weupe, nikangoja kusikia ile ngurumo nyuma, na haikuja. Nikazunguka, nikazunguka, bendera ikaanguka. Nilipewa kikombe. Nilimpigia Nesi, sijui alikuwa nchi gani.

"Anti, nimeshinda."

"Ala, Kigoma. Nyuma yako kulikuwa na nani?"

Nikakitazama kikombe.

"Hakuna mtu, Anti."

Nilisikia magari mahali alipokuwa, mengi, mazuri. "Basi hicho kikombe kiweke kwanza," alisema. "Utakishinda siku nyingine."

Nikaendelea kushinda hivyo hivyo. Alama zikahesabiwa, nikapaka paa la njano, la buluu, na msimu ulipoisha nikaambiwa nipake jekundu. Nilipaka nikiwa nimemgeuzia shangazi mgongo.

Yaliyotokea Kenya alinisimulia mwenyewe jikoni kwake, aliporudi. Alisema ilikuwa siku nzuri. Lami laini, watoto wamepanda juu ya uzio, binamu zake wote wamekuja. Mama alikalishwa kwenye kiti kizuri kivulini, akapewa kofia ya kampuni. Lakini kampuni ilikuwa imebadilisha mambo mawili kwa ajili ya televisheni. Magari yote yalipakwa rangi moja, ya kampuni, paa na ubavu. Na walio bora walianza mbele.

"Hakukuwa na mwekundu," alisema Nesi. "Na hakuna mtu alitoka nyuma. Mama akachagua gari. Sijui alichagua vipi. Lilikuwa la Mholanzi. Alimshangilia Mholanzi mpaka sauti ikaisha. Nilipomaliza nikaenda kwake, akanikumbatia, akaniambia, nimekuona, nimekuona mwanangu, leo hatimaye wamekuweka mbele."

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini?" Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Nilimwambia asante."

Huyu ni mtu aliyewaambia wagonjwa ukweli hata pale ambapo daktari alizunguka. Aliubeba uongo mmoja, kwa mama yake, na sidhani alijuta. Hata kwenda hakujutia. "Nilifurahi kwenda, na usiruhusu mtu aseme nilidanganywa," alisema. Kampuni ilimwomba mwaka wa pili. Alikataa. Alisema msimu wote alianza mbele na hakuona mbio hata moja.

Sasa nifike kwenye siku ninayoikumbuka zaidi.

Mwenye uwanja alikuwa ametangaza siku ya mwisho ya kuangalia. Mistari ikijaa, atangoja mwaka mmoja zaidi. Isipojaa, atatia sahihi. Kinyozi alikuwa amewabana wateja wake, mmoja mmoja, wakiwa kwenye kiti na wembe upo shingoni. "Lile gari lililo nyuma ya nyumba yako, utalileta Jumapili au hutalileta?" Wengi walisema watalileta. Stechford na Hodge Hill zilitoa magari yenye kutu, mengine yana nyasi zimeota ndani.

Nesi naye alikuja. Lakini sheria ya kiwanja ni kwamba aliyekosa msimu mzima anaanza upya. Mwenye uwanja alitaka kumsamehe. Nesi alikataa, akaomba brashi. Akalipaka paa lake jeupe pale pale, mbele ya watu, nyundo ya bandeji ikiwa imetundikwa kiunoni, na Kinyozi akamshikia kopo la rangi.

"Umerudi utotoni, Nesi."

"Ndiyo. Na watoto wanapewa nafasi ya mbele. Leo utaniona mgongo."

Kwa hiyo tukajipanga. Yeye mbele kabisa na weupe. Mimi nyuma kabisa, pamoja na wekundu wawili waliorudi siku za mwisho za msimu, paa jekundu ambalo sikulipata kwa haki. Na kutoka pale nyuma, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliyaona magari yote kwa pamoja. Mistari ilikuwa imejaa. Nilielewa alichokuwa anakisema miaka yote.

Bendera ikaanguka. Sitawachosha kwa kila kona. Nilimpita mmoja, nikampita mwingine, Kinyozi nikamsukuma kwenye kona yake ya pili na nikasikia anapiga kelele kwa Kiswahili. Mwisho alibaki Nesi. Nilikuwa nyuma ya bampa yake mzunguko mzima na mguu wangu haukutaka. Niliwaza wodi yake, mama yake, njiwa wa Stechford. Kona ya pili nikamwacha. Tukazunguka tena. Tulipofika kona ile ile kwa mara ya mwisho nikakumbuka alivyosema kuhusu heshima, nikamgonga. Akatoka nje, akazunguka, akasimama anatazama alikotoka. Nikapita.

Mbio zilipoisha sikwenda kuchukua kikombe. Nilichukua nyundo nikaenda kwake. Alikuwa amekaa chini, helmeti mapajani, anacheka peke yake.

"Unaumwa wapi, Anti? Geuza shingo. Leo ni siku gani?"

"Umechelewa," alisema. "Nilikungoja tangu mara ile ya kwanza ulivyoniacha konani. Nikasema, huyu mtoto ananitukana."

Nikakaa tukanyoosha ubavu wa gari lake. Baadaye kidogo akaniambia, "Sasa hiyo rangi ni yako." Nikaendelea kunyoosha.

Mzee hakuuza mwaka huo. Hajasema kwamba hatauza mwaka ujao. Kampuni nayo inaendelea na nchi zake, na mwaka huu imetuletea matairi, kwa hiyo yule bwana hakusema uongo wote.

Nesi alistaafu, akarudi kwao kukaa na mama, ambaye sasa haoni kabisa. Gari alituachia. Nyundo hakuiacha. Niliitafuta mahali pote, na shangazi akaniambia alimwona akiifunga katikati ya nguo kwenye sanduku, na bandeji mpya. Kinyozi anasema mtu hasafiri na nyundo kama hana mpango wa kumgonga mtu. Anasema amesikia kwa mteja kwamba huko Machakos kuna shamba limesawazishwa kwa umbo la yai, na kwamba gari la Probox la mpwa wa mtu limetolewa vioo. Kinyozi husema mengi.

Simu nampigia, ananiambia habari za mvua. Nikiuliza shamba, anacheka.

Kwa hiyo nawaomba, wasomaji, yeyote aliye upande ule au mwenye ndugu kule, aniandikie. Mwandiko wowote, nitausoma, najua kusoma kuliko kuandika. Nataka kujua kama ni kweli. Na kama ni kweli, mniambie mapaa yamepakwa rangi gani, na kama pale pa kuanzia, nyuma ya wote, kuna mtu anayengoja.